Kikonyo Ndani ya Moyo

Tumchukue mama mmoja wa Nshamba, wilayani Muleba. Ana miaka 42. Kwa miezi kadhaa sasa, akipanda kilima na ndoo ya maji kutoka kisimani, husimama mara tatu njiani, na zamani hakuwa akisimama hata mara moja. Amepungua mwili. Jioni homa ndogo humjia, kisha humwacha. Usiku akilala chali pumzi humkatika; akigeukia ubavu mmoja hupata nafuu, akigeukia wa pili kifua hubana upya. Majirani wamekwisha kusema yao: wapo waliosema kifua kikuu, wapo waliosema kazi za shamba zimemzidi, na wapo waliotaja watu, wakisema amerogwa. Yeye anachojua ni kwamba kuna mlalo mmoja unaompa usingizi, na mingine yote inamnyima.

Mama huyu nimemtunga. Dalili zake sikuzitunga. Ndizo dalili za uvimbe uitwao miksoma, unaoota ndani ya moyo wenyewe na usio wa saratani. Nataka kuwasifu watu wanaoutambua na kuutoa, kwa sababu kazi yao ni ya ufundi wa hali ya juu, na kwa sababu nusu ya ufundi huo inaweza kufanyika Muleba na Bukoba, kabla mgonjwa hajapanda meli wala basi.

Kwanza tuujue uvimbe wenyewe. Uvimbe unaoanzia moyoni ni nadra sana. Tumezoea kusikia saratani iliyosambaa kutoka titi au pafu ikafika moyoni, lakini unaozaliwa humo humo ni jambo jingine. Kati ya uvimbe wa namna hiyo, karibu robo tatu si saratani, na kwa watu wazima miksoma ndiyo inayoongoza. Makadirio ya kimataifa hutaja mgonjwa mmoja, au chini ya hapo, kwa kila watu milioni kwa mwaka. Sensa ya 2022 iliwakuta watu karibu milioni 3 mkoani Kagera. Kwa hesabu hiyo mkoa mzima, kuanzia Ngara hadi Missenyi, ungetegemea kupata wagonjwa wasiozidi watatu kwa mwaka. Tabibu wa zahanati anaweza kuanza kazi kijana, akastaafu na mvi zake, asikutane na hata mmoja. Au akakutana naye asimjue.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Takriban miksoma tatu kati ya nne huota katika chumba cha juu cha kushoto, kile kinachopokea damu safi kutoka mapafuni. Huota kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu, na mara nyingi huning'inia kwa kikonyo, kama embe. Ni laini, una ute, rangi yake ya kijivu au njano yenye madoa ya damu. Jina lenyewe limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya kamasi. Unaweza kuwa mdogo kama punje ya kunde au mkubwa kama yai la kuku na zaidi. Wanawake huupata zaidi ya wanaume, na wengi wao huwa kati ya miaka 30 na 60.

Sasa fikiria kitu hicho kikining'inia mlangoni. Moyo unapolegea ili damu ishuke chumba cha chini, uvimbe nao hushuka na damu na kuziba vali, yaani huo mlango wenyewe. Moyo unapojikaza, hurudi juu. Mtu akibadili mlalo, uvimbe nao hubadili mahali. Ndiyo maana yule mama hutafuta ubavu. Damu isiyopata pa kupita hurudi nyuma na kujaa mapafuni, pumzi ikawa fupi. Zaidi ya hapo, uvimbe hutoa kemikali zinazouamsha mwili kana kwamba kuna maambukizi: homa, kukonda, upungufu wa damu. Tena vipande vyake hukatika kwa urahisi. Kipande kikienda na damu hadi kwenye ubongo, mtu ambaye jana alikuwa akipalilia migomba leo mkono mmoja hauinuki na maneno hayatoki. Ni kiharusi, na pengine mtu mwenyewe hana presha wala kisukari.

Hapa ndipo ufundi wa kwanza unapoanza, na kifaa chake ni sikio.

Katika nchi zetu, ugonjwa unaobana vali hiyo ya kushoto tunaufahamu vizuri. Ni ugonjwa wa moyo wa rumatiki, unaoanza na koo la utotoni ambalo halikutibiwa, ukaja kuikaza vali miaka mingi baadaye. Mgonjwa wake naye hukosa pumzi, na moyo wake nao huvuma. Kwa hiyo tabibu anayesikia mvumo huo kifuani mwa mwanamke wa makamo ana kila sababu ya kuandika rumatiki. Mara nyingi atakuwa sahihi. Fundi ni yule anayesikia mvumo, anaandika alichosikia, halafu haondoki. Anamwambia mgonjwa, "Mama, hebu nilalie ubavu wa kushoto." Anasikiliza. "Sasa kaa kitako, uiname mbele kidogo." Anasikiliza tena. Vali iliyokazwa na rumatiki haina sababu ya kubadili sauti yake kwa mgeuko wa ubavu kiasi hicho. Uvimbe unaoning'inia unayo. Mvumo unaweza kuwepo mama akiwa amekaa na kutoweka akiwa amelala. Unaweza kuwepo Jumatatu na usisikike Alhamisi. Na wakati mwingine, mara baada ya sauti ya pili ya moyo, husikika kishindo kizito cha chini, kama tunda bivu lililoanguka kwenye majani makavu. Ni uvimbe umefika mwisho wa kikonyo chake.

Kishindo hicho hakisikiki kwa kila mgonjwa. Wala hakisikiki kwa tabibu anayesikiliza huku mkono mmoja ukiandika dawa ya mgonjwa anayefuata. Ndiyo maana nauita ufundi. Stetoskopu inapatikana katika hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo, na katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Kinachokuwa adimu ni dakika tano za utulivu, na moyo wa kutilia shaka jibu lililokuja kwa urahisi. Anayezitoa dakika hizo mbele ya foleni ya wagonjwa sabini, huyo ndiye mpasuaji wa kwanza wa mama yule, ingawa hatashika kisu.

Baada ya sikio huja jicho. Picha ya eksirei itaonyesha moyo uliotanuka na mapafu yenye maji, lakini haitaonyesha sababu. Kipimo cha umeme wa moyo nacho kitasema kuna mzigo, kisiseme ni mzigo gani. Kinachouanika uvimbe ni kipimo cha mawimbi ya sauti, tunachokiita eko, na historia yake inastahili kusimuliwa, hasa kwetu sisi watu wa ziwani.

Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler alikuwa akitafuta njia ya kuiona vali ya moyo bila kufungua kifua. Alishirikiana na mwanafizikia Hellmuth Hertz. Hertz alijua kwamba viwanda vya meli vilikuwa na mashine inayopeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma na kusikiliza mwangwi, ili kugundua nyufa ambazo jicho halizioni. Akaenda kwenye kiwanda cha meli cha Kockums, mjini Malmö, akaazima. Kifaa kilichotengenezwa kusikiliza mbavu za meli kikawekwa kwenye mbavu za mtu, na mwangwi wa moyo unaopiga ukaonekana kwenye skrini. Mwaka 1959 madaktari wa Ujerumani, Effert na Domanig, waliandika jinsi walivyotumia mwangwi huo kuutambua uvimbe katika chumba cha juu cha kushoto. Kabla ya hapo, wengi wa wagonjwa hawa siri yao ilijulikana baada ya kufa.

Sweden hiyo hiyo ndiko upasuaji wa kwanza uliofanikiwa ulikofanyika. Mwaka 1954, mjini Stockholm, Clarence Crafoord aliutoa uvimbe wa aina hii kutoka chumba cha juu cha kushoto cha moyo wa mwanamke, na mwanamke akaishi. Mashine ya kuupumzisha moyo na mapafu ilikuwa mpya mno: John Gibbon wa Marekani alikuwa amefaulu kuitumia kwa binadamu mwaka mmoja tu kabla. Wazee wa Muleba watakumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo Waswidi walikuwa miongoni mwetu. Mama Barbro Johansson alikuwa akiwafundisha wasichana Kashasha, na misheni ya Kanisa la Sweden ilikuwa ikisaidia kanisa na huduma zake baada ya wamisionari Wajerumani wa Betheli kuondolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Watu wa nchi moja walikuwa wakitufundisha kusoma na wakati huo huo wakijifunza kuusoma moyo. Ilichukua zaidi ya nusu karne kwa somo hilo la pili kufika kwetu.

Mwenye kushika kipimo cha eko naye ni fundi, na mtego wake ni huu: si kila kinachoelea ndani ya chumba cha moyo ni miksoma. Damu iliyoganda hufanana nayo. Tiba zake ni tofauti kabisa. Donge la damu laweza kuyeyushwa kwa dawa, miksoma haiyeyuki. Basi mpimaji huuliza maswali kwa mkono wake. Kimeshikamana wapi? Donge la damu hupenda ukuta wa nyuma na kijipochi cha pembeni cha chumba, tena hasa kwa mtu ambaye vali yake imekazwa na mapigo yake yamevurugika. Miksoma hupenda ukuta wa katikati. Kina kikonyo, au kimekaa kwa tako pana? Kinacheza na kila pigo, au kimetulia? Anageuza kifaa nyuzi chache, anasubiri pigo jingine, anageuza tena. Ikibidi, kifaa chembamba hupitishwa kwenye umio, kwa sababu umio hupita nyuma tu ya chumba hicho, na hapo kikonyo huonekana waziwazi. Ripoti nzuri humwambia mpasuaji ukubwa, mahali pa shina, na kama kuna uvimbe wa pili mahali pengine.

Jibu likishatoka, mwendo hubadilika. Uvimbe huu hautibiwi kwa vidonge, na mgonjwa haambiwi arudi baada ya mavuno. Kila siku ya kusubiri ni siku ambayo kipande chaweza kukatika au vali kuzibwa kabisa. Rufaa ya mtu wa Kagera kwa kawaida huelekea Bugando, Mwanza, kwa barabara au kwa meli ya usiku kutoka Bukoba na Kemondo. Kutoka hapo huelekea Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Upanga, safari ya zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Bukoba. Ni mbali. Lakini ikumbukwe kwamba zamani mbali ilikuwa India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 taasisi ikasimama peke yake, Profesa Mohamed Janabi akiwa mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza. Leo madaktari wake pia huwafuata wagonjwa mikoani kwa utaratibu wa tiba mkoba, wakibeba vipimo vyao.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji, tukae kimya pembeni.

Kifua hufunguliwa katikati, kwa msumeno mdogo unaopasua mfupa wa kidari. Chini yake upo utando unaouvika moyo. Mpasuaji huufungua, hukata kipande chake na kukihifadhi. Tutaona kazi yake. Kisha huja kanuni ambayo ndiyo roho ya upasuaji huu: moyo usiguswe. Katika upasuaji mwingine mkono huushika moyo, huugeuza, huupapasa. Hapa mkono wenye mazoea hayo hujizuia. Uvimbe ni laini kama jeli. Moyo ukibanwa ungali unapiga, kipande kitakatika na pigo lifuatalo litakipeleka kwenye ubongo. Kwa hiyo mabomba ya mashine huingizwa kwa upole, moja kwenye mshipa mkuu wa kupeleka damu, mengine mawili kwenye mishipa miwili mikuu inayorudisha damu. Kabla yake mgonjwa amepewa heparini ili damu isigande ndani ya mabomba. Mtaalamu wa mashine anaichukua damu, anaipa oksijeni, anairudisha mwilini. Kuanzia hapo uhai wa mgonjwa uko mikononi mwa mtu aliyekaa mbele ya pampu, ambaye ndugu wa mgonjwa huenda wasilijue jina lake kamwe.

Mshipa mkuu hubanwa kwa koleo. Maji baridi yenye potasiamu huingizwa kwenye mishipa ya moyo wenyewe, na moyo husimama. Sasa ndipo unapoweza kuguswa.

Chumba hufunguliwa, kutoka upande wa kushoto moja kwa moja au kutoka kulia kwa kupita kwenye ukuta wa katikati, kutegemea ukubwa wa uvimbe na shina lilipo. Nao uvimbe ule pale, unang'aa, umelala. Mpasuaji hauvuti. Anatafuta shina. Na hapa mkulima wa Kagera hahitaji kufundishwa. Chipukizi la mgomba ukilifyeka usawa wa udongo, baada ya siku chache limetoa kichwa tena. Anayetaka lisirudi huchimba na kulitoa na tunguu lake. Tumeyafanya hayo kwa uchungu katika vibanja vyetu tangu mnyauko ulipoingia Muleba, tukang'oa mashina mazima ili kuokoa yaliyobaki. Mpasuaji naye hakati kikonyo. Hukata duara kukizunguka, akichukua na sehemu ya ukuta kilipoota, ili pasibaki mzizi. Uvimbe hutolewa mzima kwa kijiko au mfuko, ukiwa umebebwa kutoka chini kama yai.

Kisha huja kazi isiyo na shangwe, na ndiyo ninayoistahi zaidi. Vyumba vyote vinne hukaguliwa, maana uvimbe waweza kuwa zaidi ya mmoja. Moyo husuuzwa kwa maji ya chumvi, mara moja, mara ya pili, na maji hayo hayarudishwi kwenye mashine bali humwagwa, yasije yakarudisha chembe mwilini. Vali hujazwa maji ili ionekane kama inavuja, kwani huenda uvimbe umeigonga kwa miaka. Tundu lililobaki ukutani huzibwa kwa kile kipande cha utando kilichohifadhiwa mwanzo, kikishonwa kwa uzi mwembamba, mshono baada ya mshono. Mgonjwa hutibiwa kwa kiraka cha mwili wake mwenyewe. Halafu hewa yote hutolewa ndani ya moyo kwa subira, kwa sababu povu moja likifika kwenye ubongo litafanya lile ambalo uvimbe haukuwahi kufanya. Ndipo koleo hufunguliwa. Damu yenye joto huingia, na moyo, ambao muda wote ule ulikuwa nyama tulivu, hutetemeka, kisha hupiga.

Matokeo yanaheshimu ufundi huo. Katika vituo vyenye uzoefu, wanaofariki katika upasuaji huu ni chini ya watano kwa kila mia. Uvimbe ukitolewa na shina lake, hurudi kwa mtu mmoja hadi watatu tu kati ya mia. Isipokuwa kundi moja dogo: wale waliorithi. Mwaka 1985 daktari J. Aidan Carney alieleza hali inayopita katika familia, ambapo miksoma huja mapema, huwa kadhaa, na huambatana na madoadoa ya ngozi. Kwa hao hurudi mara nyingi zaidi, na ndugu zao nao wanapaswa kupimwa. Wengine wote hufuatiliwa kwa eko mwaka hadi mwaka, na wengi hurudi shambani, sokoni na darasani.

Tazama basi mnyororo wote huu: sikio, jicho, pampu, kisu, sindano. Kila pete inategemea iliyotangulia. Mpasuaji aliye Upanga, awe hodari kiasi gani, hawezi kumtoa uvimbe mtu ambaye rufaa yake haikuandikwa kamwe. Na pete ile ya kwanza haiko Dar es Salaam. Iko Nshamba, Kamachumu, Izigo, Kanyigo, katika chumba chenye benchi refu la wagonjwa na tabibu mmoja.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watu wawili. Wewe uliye na stetoskopu shingoni: mgonjwa mwenye mvumo wa moyo mgeuze ubavu wa kushoto, msikilize, mkalishe, msikilize tena, na kijana akiletwa na kiharusi bila presha wala kisukari, omba moyo wake upigwe eko. Na wewe uliye na mama, dada au mke ambaye pumzi yake hutegemea upande anaolalia, ambaye homa yake haina jina na kifua chake kimetibiwa mara mbili bila nafuu: usikubali aendelee kutafuta ubavu usiku kucha. Mpeleke hospitali, na umweleze daktari jambo hilo moja la mlalo, kwa maneno hayo hayo. Uvimbe huu hutolewa, na mtu hupona.